Ilula, Mji wa Nyanya, na Ganzi Inayobaki Baada ya Kansa

Wengi wenu mmekwisha kupita Ilula, hata kama hamkujua jina la mahali penyewe. Ukitoka Iringa mjini kwa basi kuelekea Dar es Salaam, baada ya kilometa 45 hivi utaona barabara kuu imezungukwa na matenga ya nyanya, magunia ya vitunguu, na malori yanayongoja mzigo. Basi likipunguza mwendo, vijana hulikimbilia na ndoo za nyanya, na kabla hujauliza bei ndoo imekwisha kufika dirishani. Hapo ndipo Ilula, mji mdogo katika wilaya ya Kilolo. Sisi wa upande huu husalimiana "Kamwene", hata na mgeni asiyejua Kihehe, na mgeni hujifunza kuitika kabla chenji yake haijarudi.

Kabla ya kufika hapo umepita Lugalo, penye mnara wa kumbukumbu. Ni huko, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walipowavunja askari wa Kijerumani wa Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo. Watoto wa shule hufundishwa ushindi ule, na ni haki yao kufundishwa. Lakini kila ushindi huacha majeruhi wa kuuguzwa, wala majeruhi hao hawatajwi sana katika masimulizi. Habari ninayowaletea leo ni ya namna hiyo hiyo. Ni habari ya watu walioushinda ugonjwa mkubwa, kisha wakabaki na jeraha lisiloonekana kwa macho.

MALI YA ILULA NI MIKONO

Huku kwetu mahindi hulimwa kwa mvua, kisha kuna vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa kuwa ardhi yake haikauki upesi. Nyanya haitaki jembe tu, yataka vidole. Mche hupandikizwa kwa vidole, mmea hufungwa kwenye mti kwa vidole, na tunda huchumwa kwa vidole. Dole gumba ndilo linalotambua nyanya ipi itavumilia safari ya Dar es Salaam na ipi iliwe leo nyumbani. Kitunguu nacho hukatwa majani kwa kisu na kuchambuliwa kimoja kimoja. Mtu asiyehisi ncha za vidole vyake katika mji kama huu amepotewa na nusu ya riziki yake, ijapokuwa ukimtazama wamwona mzima.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, pamoja na barua za watu. Kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, mtu akipewa karatasi ya hospitali asiyoielewa huniletea nimsomee. Kwa njia hiyo nimesoma karatasi za wagonjwa kadha wa kadha waliotibiwa kansa, au saratani kama iitwavyo hospitalini, nao wakapata nafuu. Hao ndio walionifundisha habari ya ganzi.

Mama mmoja mkulima wa vitunguu, aliyetibiwa kansa ya matiti, aliniambia hivi: "Mwanangu, ugonjwa umeondoka, lakini umeniachia siafu miguuni." Usiku nyayo zake zilimwaka kama za mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Mchana vidole vilikufa ganzi, hata asiweze kufunga kifungo cha gauni la mjukuu wake, wala kutambua kwa mkono kama sufuria imepoa. Siku moja alijikata kidole pamoja na majani ya kitunguu, akajua tu alipoona damu. Watu wa nyumbani walimwambia, "Si umeshapona, mama?" Naye akanyamaza, maana hakuwa na kidonda cha kuwaonyesha.

Lililomleta kwangu hasa lilikuwa jambo jingine. Alikuwa amesikia kwa dereva mmoja wa lori kwamba Dar es Salaam wako Wachina wanaochoma sindano na ganzi ikaisha. Basi akataka nimwandikie hati ya kuuza kinyungu chake, apate nauli na malipo ya Wachina hao. Kinyungu chenyewe ndicho kilichowasomesha wanawe wote. Nikamwomba, "Mama, tusiandike leo. Tuulize kwanza." Swali lake lina sehemu mbili: Je, sindano za Kichina zaweza kumsaidia mtu kama huyu? Na kama zaweza, je, ni kitu cha kuuzia shamba?

GANZI HIYO YATOKA WAPI

Dawa za kansa zinazotiwa mshipani, ambazo wagonjwa wenyewe huziita kemo, huua chembe za mwili zinazozaliana upesi, kwa kuwa kansa ndivyo ilivyo. Lakini baadhi ya dawa hizo hudhuru pia mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Paklitakseli, inayotumika sana kwa kansa ya matiti, huvuruga vijia vidogo vinavyopeleka mahitaji ndani ya mshipa wa fahamu. Vinkristini, inayotumika kwa kansa ya damu ya watoto na kwa ile iitwayo Kaposi, hufanya vivyo hivyo. Sisplatini, inayotolewa pamoja na mionzi kwa kansa ya mlango wa kizazi, huumiza chembe za neva zilizo kando ya uti wa mgongo.

Mishipa iliyo mirefu ndiyo inayoumia kwanza. Kila mkulima wa kinyungu ataelewa upesi: mfereji wa maji ukiharibika, tuta la mwisho ndilo linalokauka mbele ya mengine. Vidole vya miguu ndilo tuta la mwisho la mwili. Kwa hiyo ganzi huanza huko, ikapanda polepole, kisha ikafika mikononi, hata mgonjwa akajiona kama amevaa soksi na glavu ambazo hazivuliki.

Basi ganzi hii si mkono wa mtu wala si kurogwa, nayo peke yake si dalili kwamba kansa imerudi. Kwa waliopewa sisplatini yaweza hata kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dawa kukoma, na jambo hilo huwatisha wengi bure. Kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini kwa wengine hubaki miaka. Inafaa mgonjwa amwambie daktari mapema, wakati dawa ingali inatolewa, maana daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Lakini mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Ganzi huondoa raha, lakini kansa isiyotibiwa huondoa uhai.

Tena si kila ganzi ni ya kemo. Kisukari huleta ganzi, pombe nyingi huleta ganzi, virusi vya UKIMWI huleta ganzi, na upungufu wa vitamini B12 vilevile. Kwa hiyo kupima huja kabla ya kutibu. Nazo ziko dalili za kukimbilia hospitali siku ile ile, usiku au mchana: miguu kulegea ghafula, maumivu mapya makali ya mgongo, au kushindwa kuzuia haja. Hizo si ganzi ya kungojea.

KUSHUKA KITONGA

Tulingoja siku ya yule mama kurudi kupimwa Dar es Salaam, ili nauli moja ifanye kazi mbili, nami nikaombwa na wanawe nimsindikize. Toka Ilula barabara huenda kidogo juu ya nchi yenye hewa ya baridi, kisha ghafula huanza kuteremka Mlima Kitonga. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo lenye miti. Malori yenye mzigo hupanda kwa kunguruma, polepole sana, na yetu ya kushuka hushikilia breki mpaka harufu yake ikaingia madirishani. Abiria hodari wa kusema hunyamaza hapo.

Huko chini ni nchi nyingine kabisa. Wale waliopanda wamevaa sweta huzivua. Mibuyu husimama pande zote mbili, na mji wa Ruaha Mbuyuni wenyewe umepata jina kwa miti hiyo na kwa Mto Ruaha Mkuu upitao karibu. Hapo nalo ni soko la vitunguu, na mama yetu akaanza kuvikagua kwa macho tu kutoka kitini, huku akisema vipi vimekauka vyema na vipi vitaoza. Kwa macho hakukosea, lakini mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

Baada ya Mikumi mjini barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na watoto husimama kutazama twiga na tembo. Mama hakusimama. Alinieleza kwamba basi likiwa linakwenda hawezi kujua kama nyayo zake zimekanyaga sakafu mpaka aziangalie. Fikirini, ndugu, mtu kuangalia miguu yake apate habari ya mahali ilipo. Katika safari ile ndefu, kupita Morogoro na Chalinze mpaka stendi kuu ya Mbezi, nalielewa maneno hayo kuliko karatasi zote nilizokwisha kumsomea.

Hospitali ya Ocean Road iko kando ya bahari. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani na likafunguliwa mwaka 1897, na tangu mwaka 1996 mahali hapo ni taasisi ya taifa ya kansa kwa sheria ya Bunge. Katika benchi moja utawakuta watu wa Kigoma, wa Mtwara, wa Singida na wa Songea, kila mmoja na bahasha yake kubwa ya picha na vyeti. Kina mama waliokaa karibu nasi walipoona mwenzao akisugua vidole, nao wakaonyesha vyao. Mama yetu akashangaa sana. Miezi yote ile alidhani ni yeye peke yake.

Daktari alimgusa vidole kwa pamba, akamwekea chuma kinachotetema juu ya mfupa wa mguu, akauliza, "Unasikia?" Mara nyingine alisikia, mara nyingine hakusikia. Vipimo havikuonyesha kansa. Akamwandikia kidonge cha kutuliza neva. Tulipomwuliza habari za sindano za Kichina hakucheka, wala hakuzisifu mno. Alisema zaweza kuwasaidia baadhi ya watu, bali hazichukui nafasi ya dawa wala ya kupimwa.

SINDANO HIZI NI ZA NAMNA GANI

Tiba hii, ambayo kwa jina la kigeni huitwa akupancha, ilianza China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wachina wa kale walifundisha kwamba iko nguvu ya uhai, waiitayo qi, ipitayo mwilini katika njia zake, na njia ikizibwa mtu huumwa. Wachunguzi wa siku hizi hueleza vingine: sindano huamsha mishipa ya fahamu, nao ubongo na uti wa mgongo hutoa vitu vya asili vinavyotuliza maumivu, na damu hutembea zaidi mahali palipochomwa. Maelezo ni mawili, sindano ni ile ile.

Watu wengi wa Marekani waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1971, mwandishi wa gazeti James Reston alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing, akatulizwa maumivu ya tumbo kwa sindano, kisha akaandika habari zake. Hapa kwetu waganga wa Kichina walikuwa wamefika kabla ya hapo. Kikosi chao cha kwanza kilifika Zanzibar mwaka 1964, na mwaka 1968 kingine kikaja Tanzania Bara. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, madaktari waliokuja na wajenzi waliwatibu pia wanavijiji wa jirani. Na tangu mwaka 1987, katika Hospitali ya Muhimbili, Wachina na Watanzania walishirikiana kujaribu dawa za asili za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI. Hivyo jambo hili si geni sana nchini, ila halijapanda Kitonga kufika kwetu.

Sindano yenyewe si ile ya hospitali. Ni nyembamba sana, karibu na unywele, haina tundu, wala haitii dawa yoyote mwilini. Kwa mgonjwa wa ganzi mtaalamu huchoma mara nyingi katika nafasi zilizo kati ya kidole na kidole, mikononi na miguuni, na mahali pengine kama chini ya goti na karibu na kifundo. Mgonjwa hulala kimya dakika 20 au 30. Wengi hawasikii uchungu mkubwa, bali uzito, au mtekenyo unaotembea. Tiba haimalizwi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa, mara moja au mbili kila wiki, na hapo ndipo mtu wa mbali anapobanwa na gharama, kwa sababu chakula na malazi ya wiki hizo yaweza kumzidi kuliko bei ya sindano zenyewe.

WALIOPIMA WAMEONA NINI

Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa New York kwa watu 75 waliokuwa na ganzi na maumivu baada ya kemo. Waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilichomwa sindano za kweli, la pili likafanyiwa mfano wa sindano usiopenya ngozi, la tatu likaendelea na matunzo ya kawaida. Baada ya wiki nane, waliochomwa kweli walikuwa na maumivu machache kuliko wale wa matunzo ya kawaida. Lakini hata wale wa mfano walipata nafuu kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu ya nafuu yaweza kutoka katika kupumzika, kutunzwa na kutumaini, wala jambo hilo si aibu. Mwenye kutumaini hulala usingizi, na mwenye kulala huvumilia.

Mwaka huo huo wa 2020 chama cha madaktari wa kansa wa Marekani kilitoa mwongozo juu ya ganzi hii. Kilisema dawa inayoweza kupendekezwa kwa maumivu yake ni moja, nayo ni duloksetini, na kwamba kwa sindano za Kichina ushahidi bado haujatosha kutoa shauri. Mwaka 2022 chama hicho, pamoja na wenzake wanaoshughulika na tiba za kuongezea, kikasema mgonjwa mwenye ganzi ya kemo aweza kupewa sindano hizo, lakini kikaeleza wazi kwamba ushahidi wake ungali dhaifu. Kwa lugha yetu ya sokoni: bidhaa ina dalili njema, lakini haijapimwa vya kutosha kwenye mizani. Anayekuapia kwamba ataiponya ganzi yako yote anakuuzia zaidi ya alicho nacho dukani.

YA KUANGALIA KABLA YA KUCHOMWA

Kwanza, tusichanganye tiba hii na chale. Wembe unaopita kutoka mtu hadi mtu huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na sindano yoyote iliyokwisha kutumika huleta hayo hayo. Sindano iwe mpya, ifunguliwe kutoka pakiti mbele ya macho yako, kisha itupwe.

Pili, uliza cheti. Nchini Tanzania liko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002, nalo husajili wanaotoa tiba za namna hii. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Tatu, mwambie kila kitu. Mgonjwa anayeendelea na kemo aweza kuwa na upungufu wa chembe za kulinda mwili, au damu isiyoganda upesi, na wakati huo kutobolewa ngozi kuna hatari. Mama aliyepasuliwa titi na kutolewa tezi za kwapa asichomwe katika mkono wa upande huo, hasa kama huvimba. Wala sindano isichomwe penye uvimbe wa kansa.

Nne, anayekushauri uache dawa za hospitali ili sindano "zifanye kazi", mwondokee.

Mama yetu alisikia hayo yote. Hakuuza kinyungu. Wanawe walichanga, jumuiya yetu ikaongeza, naye akakaa kwa mdogo wake Dar es Salaam, akachomwa mara kumi na mtaalamu mwenye cheti huku akinywa vidonge vyake. Aliporudi, vidole vya mikono vilikuwa vimeamka kiasi cha kufunga kifungo. Miguu bado ilimwaka usiku, ila alipata usingizi. Je, ni sindano, ni kidonge, ni muda uliopita, au ni yale majuma ya kukaa na ndugu yake bila kushika jembe? Hakuna awezaye kugawa nafuu ile mafungu na kusema hili ni la fulani. Yeye mwenyewe alisema, "Nimepata kidogo, na kidogo hicho nakitumia." Kisha akaongeza kwamba kama angekuwa ameuza kinyungu kwa kidogo hicho, angelia mpaka leo.

YA KUFANYA NYUMBANI KWANZA

Basi, kabla ya kufunga safari ya Dar es Salaam, yako mengi yaliyo karibu. Ilula kwenyewe iko Hospitali ya Kilutheri, Iringa mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa, na Tosamaganga iko hospitali ya jimbo letu. Mgonjwa aende aseme waziwazi: "Nalitibiwa kansa kwa dawa fulani, na sasa nina ganzi na moto miguuni." Asiseme tu "mwili unauma", maana kwa neno hilo atapewa dawa ya maumivu ya kawaida, ambayo kwa neva hufanya kazi ndogo. Achukue karatasi zake zote. Aulize habari ya dawa za neva, kama amitriptilini au duloksetini, na apimwe sukari.

Nyumbani, miguu isiyohisi ihesabiwe kama mtoto mdogo asiyeweza kusema. Itazamwe kila jioni, chini na kati ya vidole, kama kuna mwiba, lengelenge au kidonda. Kwenda shambani ni kwa viatu vilivyofunika vidole. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, si kwa vidole. Katika baridi ya huku kwetu watu hupenda kusogeza miguu karibu na moto. Mwenye ganzi akae mbali na mafiga, maana ataungua asijue. Kutembea kila siku, hata mwendo mfupi, husaidia mwili kusimama imara. Ulanzi na pombe nyingine aziache, kwa kuwa pombe nayo huila mishipa ya fahamu. Na dawa za kunyunyizia nyanya amwachie mtu mwingine, kwa sababu baadhi yake huumiza mishipa ile ile iliyokwisha kuumia.

Tena kazi zigawanywe upya. Katika nyumba ya mama yule, kisu cha vitunguu amepewa mjukuu mkubwa, na bibi ndiye anayekagua mzigo kwa macho na kupatana bei na wenye malori. Wachuuzi wanasema bei imekuwa ngumu kuliko zamani. Hakuwekwa pembeni kama chombo kilichovunjika, bali alipewa kazi nyingine inayofaa hali yake. Tiba ya namna hiyo haina nauli.

Wasomaji wapenzi, huenda nyumbani kwako yuko baba au mama aliyerudi kutoka matibabu ya kansa. Watu wamekuja kushangilia, kuku amechinjwa, na kila mtu amesema "amepona". Ukimwona anaangusha kikombe, anatembea kama aliyekanyaga changarawe, au anakataa kufunga kamba za viatu mbele ya watu, usimkemee wala usimdhanie uvivu. Kaa naye faragha, umwulize: "Mama, mikono yako yasikiaje?" Kisha mpeleke akaseme hayo kwa mganga. Na akitaka kuuza shamba kwa ajili ya tiba aliyoisikia njiani, msimcheke wala msimwandikie hati siku hiyo hiyo. Ulizeni kwanza, ulizeni kwa wanaojua, kisha mwamue pamoja naye.